Maji Yakipanda, Nawe Panda

Dalali wa Dar es Salaam akikupeleka kuona nyumba ya ghorofa, kituo chake cha kwanza ni dirishani. Upanga atakuonyesha bahari. Sinza atakuonyesha taa za mji na kukuhakikishia kwamba kwa upepo wa huku juu feni utaisahau. Mteja naye ana maswali yale yale: kodi kiasi gani, inalipwa miezi mingapi, luku ni ya peke yangu au ya kuchangia. Tangi liko wapi, juu ya dari kuna nini, pampu inaendeshwa na nini umeme ukikatika, hayo huulizwa baada ya kuhamia, tena kwa ukali.

Makala haya ni kwa ajili ya mtu ambaye bado hajatoa fedha. Wengi huliona suala la kuishi ghorofa ya ngapi kuwa ni la kupenda tu: huyu anapenda juu, yule anaogopa ngazi. Lakini fizikia ya kidato cha pili inatosha kulijibu kwa sehemu kubwa, na inapoishia fizikia, wataalamu wa wadudu na wa moyo wana la kuongeza. Msimamo wangu nautoa mapema ili tusizungushane: katika miji yetu ghorofa nzuri huamuliwa na maji kwanza, jua la utosini pili, na mandhari yaje baadaye kabisa.

Kwa kuhesabu, ghorofa ya kwanza hapa ni ile unayoifikia baada ya kupanda ngazi mara moja; iliyo ardhini tutaiita ya chini. Kila ghorofa tuipe mita 3, kimo cha kawaida cha nyumba za makazi.

Maji hayapandi bure. Kila mita 10 za kwenda juu hudai msukumo wa takriban baa moja, ambao ni karibu sawa na msukumo wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Kwa hiyo kuyafikisha maji ghorofa ya kumi kunahitaji baa tatu, bila kuhesabu yanayopotea kwa msuguano ndani ya mabomba. Bomba la mtaani mara nyingi halina nguvu hiyo, na siku za mgao hata ghorofa ya kwanza hulishinda. Ndiyo maana majengo yetu karibu yote yameundwa kwa mtindo mmoja: tangi kubwa chini linalopokea maji usiku yanapokuja, pampu ya kuyapandisha, na simtank juu ya paa zinazoyashusha kwa uzito wake yenyewe hadi kwenye kila nyumba.

Ukikaa na kalamu utashangaa jinsi kazi ya pampu ilivyo ndogo. Kuinua lita 1,000 hadi mita 30 kunahitaji kilojuli 294 za nishati. Hata tukisema pampu inapoteza zaidi ya nusu ya umeme inaoula, kazi yote inakwisha kwa chini ya robo ya uniti moja ya luku. Hakuna mwenye nyumba anayefilisika kwa kupandisha maji.

Sasa zima umeme. Lita zile zile 1,000 ni madumu 50 ya lita 20. Mtu wa kilo 70 anayepandisha dumu moja anainua kilo 90, na katika hizo 20 tu ndizo maji. Zilizobaki ni mwili wake mwenyewe, ambao itabidi aushushe na kuupandisha tena mara 50. Mwili wa binadamu hugeuza kama robo tu ya nishati ya chakula kuwa kazi, kwa hiyo safari hizo, kupanda peke yake, zinakula zaidi ya kilokalori 1,200, yaani zaidi ya nusu ya chakula cha siku cha watu wengi. Shirika la Afya Duniani hutaja lita 50 hadi 100 kwa mtu kwa siku kuwa ndizo zinazokidhi mahitaji ya msingi ya nyumbani. Familia ya watu watano kwa kiwango cha chini kabisa cha hapo inahitaji madumu 13 kila siku ya Mungu.

Oktoba 2022 maji ya Mto Ruvu yalipopungua na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao mkali, hesabu hizi zilifanyika kwa miguu. Mwenye mkokoteni wa maji hana bei moja kwa jengo zima. Bei ya dumu hupanda pamoja na ngazi, na juu ya ghorofa fulani hakubali hata umwongezee. Wakazi wa majengo ya Michenzani mjini Unguja, yale marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, wanalijua jambo hili kwa miaka mingi. Ndoo imepanda ngazi zile mara nyingi kuliko maji ya bomba.

Kwa hiyo swali la kwanza la mpangaji linahusu jenereta, na hasa jenereta imeungwa na nini. Yako majengo ambayo jenereta huwasha taa za korido na geti tu, pampu na lifti zikabaki zimelala. Mwonekano wa jengo hautakwambia hilo. Mlinzi atakwambia.

Kuna kioja kingine cha maji ambacho huwapata wanaokaa juu kabisa. Wako jirani mno na tangi, watu huwaonea wivu, kumbe wao ndio wenye maji dhaifu kuliko wote. Msukumo hutokana na kimo cha maji yaliyo juu yako. Kama kitako cha tangi kiko mita 2 juu ya shawa yako, unapata baa 0.2, matone ya kujipapasa. Aliye chini kabisa ya jengo hilo la ghorofa kumi anapata karibu baa tatu, maji ya kuoshea gari. Shawa nyingi za umeme za kuchemsha papo kwa papo hazijiwashi bila msukumo wa kutosha, kwa hiyo mkazi wa juu ananunua shawa ya moto na kuogea baridi. Mbaya zaidi, asubuhi wa chini wakifungua mabomba yao kwa pamoja, maji yaliyo kwenye bomba la kushukia hukimbilia huko, na wa juu husikia bomba lake likikohoa hewa. Dawa ipo: tangi liwekwe juu ya mnara wenye kimo cha maana, au nyumba ya juu ifungiwe pampu yake ndogo ya kuongeza msukumo. Ila uione kwa macho kabla ya kusaini. Ahadi ya kuwekewa haiogeshi mtu.

Wa chini naye asijidai. Maji safi humwonea wa juu, maji machafu humwonea wa chini. Vyoo na masinki ya jengo zima hushukia bomba moja, na chemba ikiziba, uchafu wa ghorofa zote hutafuta tundu la kwanza la kutokea, ambalo ni sakafu ya bafu la nyumba ya chini. Ongeza mvua za masika katika mji ambao mabonde kama Msimbazi hufurika, na ongeza kwamba magari, majiko ya mkaa na jenereta za maduka hutoa moshi wake kwenye kimo cha dirisha lako. Ya chini ina wema wake: hata maji ya mgao yenye nguvu hafifu huifikia moja kwa moja, na mzee mwenye magoti mabovu hawi mfungwa. Lakini wema huo una bei.

Tuingie kwenye joto, na hapa ndipo maneno ya dirishani yanapopotosha zaidi. Ni kweli hewa hupoa kadiri unavyopanda. Hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 za selsiasi kwa kila kilomita moja. Ghorofa ya kumi inakupa punguzo la nyuzi 0.2, ambalo ngozi haiwezi kulijua. Lushoto ni baridi kwa sababu iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Ungehitaji jengo la ghorofa zaidi ya 450 kuifuata kimo chake.

Kinachobadilika sana kwa kupanda ni upepo. Karibu na ardhi, kuta, mabati, miti na magari huukwamisha. Juu unapita huru. Kwa kanuni wanayoitumia wahandisi katika miji iliyojengeka, upepo ulio mita 30 juu unaweza kuwa na kasi mara mbili ya ule wa mita 3. Upepo hukausha jasho, na jasho likikauka huondoka na joto la mwili. Ndiyo siri yote ya feni. Kwa hiyo mkazi wa ghorofa ya sita hasemi uongo anaposema kwake kuna ubaridi. Anachokosea ni sababu. Na ubaridi huo una sharti: nyumba iwe na madirisha pande mbili, hewa iingie huku itokee kule. Pwani yetu ina pepo mbili zinazojulikana tangu enzi za majahazi, kaskazi inayovuma kutoka kaskazini mashariki kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi inayotoka kusini miezi ya katikati ya mwaka. Nyumba yenye dirisha la upande mmoja unaotazama ukuta wa jirani haipati hata mojawapo, iwe ghorofa ya pili au ya kumi na mbili. Upepo una gharama yake pia: kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inayosukuma mlango huongezeka mara nne. Wanaoishi juu wanajua kufunga milango kwa vipande vya mbao.

Halafu kuna ghorofa ya mwisho, ambayo kwangu ni somo la peke yake. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, siku za mwanzo za Machi na karibu Oktoba 10. Desemba huegemea kusini kwa nyuzi kama 17 tu saa sita mchana, na Juni huegemea kaskazini kwa nyuzi 30. Maana yake ni kwamba mwaka mzima sehemu ya jengo inayopigwa na jua kali kuliko zote ni paa. Katika adhuhuri isiyo na mawingu kila mita moja ya mraba hupokea karibu wati 1,000. Paa la nyumba ya mita 60 za mraba linapokea kilowati 60, sawa na pasi za umeme zaidi ya 50 zilizowashwa kwa pamoja. Zege lililopauka kwa vumbi hunyonya sehemu kubwa ya joto hilo.

Zege halina haraka. Joto linaloingia juu yake saa sita mchana huchukua saa kadhaa kupenya sentimita 15 na kutokea upande wa chini, na slabu ikishashiba joto hubaki nalo kama chungu kilichoepuliwa. Kwa hiyo mkazi wa ghorofa ya mwisho hupata mchana wa kuvumilika, kisha kuanzia magharibi dari linaanza kumrudishia jua la mchana. Saa tatu usiku, wakati mtaa umepoa, chumba chake cha kulala ndiyo kwanza kimepamba moto. Kipimajoto cha hewa hakionyeshi taabu yake yote, kwa sababu dari lenye joto humpiga mtu kwa mnururisho moja kwa moja, hata hewa inayomzunguka ikiwa ya wastani. Feni haizuii mnururisho. Kiyoyozi kinaweza kupambana nao, na luku ikasimulia.

Ghorofa moja chini ya hapo, tatizo hilo limekwisha. Yule wa juu amekuwa kivuli chako. Hii ndiyo sababu nashangaa kuona ghorofa ya mwisho ikitangazwa kwa bei ya juu kuliko zote. Ingefaa iwe na punguzo, isipokuwa kama juu ya slabu pana paa la pili la mabati au vigae lenye nafasi ya kupitisha hewa, au slabu imepakwa rangi nyeupe ambayo hurudisha sehemu kubwa ya jua. Mafundi wa Lamu walilijua somo la joto kupanda karne nyingi kabla ya pasi za umeme: katika nyumba zao za mawe jiko waliliweka juu kabisa, moshi na moto vikaenda zao angani, watu wakalala chini yake pamepoa.

Usisahau upande. Kwa kuwa jua letu la adhuhuri liko juu sana, ukuta wa kaskazini na wa kusini huweza kukingwa kwa kibaraza kifupi tu. Ukuta wa magharibi haukingiki hivyo. Jua la saa kumi huja limeinama na kuingia hadi kitandani. Kati ya ghorofa ya tatu inayotazama magharibi na ya tano inayotazama kusini, mimi nachukua ya tano, ngazi na zote.

Mbu sasa. Dalali atakwambia hawafiki juu. Inategemea ni mbu yupi. Yule wa usiku anayelia sikioni, kuleksi, huzaliana kwenye maji machafu ya chemba na vyoo vya shimo, na kwa kawaida hujaa karibu na huko atokako, ingawa ngazi na lifti humpandisha. Mtaalamu wa wadudu Mwingereza Chris Curtis na wenzake walimkabili huko Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa kumwaga tabaka la punje nyepesi za plastiki juu ya maji ya vyoo ili viluwiluwi wakose hewa, pamoja na kuwapa watu dawa za kuzuia matende. Ilifanya kazi.

Curtis huyo huyo, pamoja na Christina Liew, alichapisha mwaka 2004 utafiti kutoka Singapore ambao kila mpenda ghorofa za juu angepaswa kuusikia. Walifuatilia mbu aina ya aedes, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana na kueneza kidingapopo, homa ambayo wengi huiita dengue. Katika jengo la ghorofa 21 lenye kimo cha mita 60, mbu hao walisambaa hadi juu kwa urahisi ule ule waliosambaa kutoka nyumba moja kwenda ya pembeni yake. Walichokuwa wakikitafuta ni mahali pa kutagia, na mahali hapo ni maji masafi yaliyotulia: pipa, kisahani cha chungu cha maua, tangi lisilo na mfuniko. Rudi sasa kwenye paa la jengo letu ukahesabu simtank, halafu uhesabu mifuniko. Dar es Salaam imepata milipuko mikubwa ya kidingapopo mwaka 2014 na 2019. Mpangaji wa juu ambaye anakaa mita chache kutoka kwenye tangi lililo wazi hajamkimbia mbu huyu, amehamia kwake.

Hata malaria, ambayo tumezoea kuihusisha na mashamba na madimbwi, imepata mgeni anayependa mjini. Anofelesi stephensi, mbu wa asili ya Asia anayezaliana kwenye matangi ya maji, aligunduliwa Djibouti mwaka 2012, Ethiopia mwaka 2016, na mwaka 2023 Kenya ikatangaza kumpata upande wake wa kaskazini. Bado kimo kina faida kidogo, kwa sababu mbu ni mrukaji dhaifu na upepo wa juu humsumbua. Lakini wavu wa dirishani na mfuniko wa tangi vina faida kubwa kuliko ghorofa nne za ziada.

Kelele tuipitie haraka, maana watu huitarajia mno. Kelele ya barabara yenye magari mfululizo hupungua polepole, desibeli 3 tu kila umbali unapoongezeka maradufu, na sikio huhitaji punguzo la kama desibeli 10 ndipo likubali kwamba sauti imeshuka nusu. Kama dirisha lako liko mita 10 kutoka barabarani, unahitaji kuwa mita 100. Kwa kupanda, hiyo ni ghorofa ya 33. Tena uzio unaomkinga wa chini haumkingi wa ghorofa ya tatu, ambaye anaiona barabara yote na kwa hiyo anaisikia yote. Na spika za baa hufungwa juu. Kama unatafuta utulivu, badili upande wa jengo.

Je, wanaoishi juu huishi zaidi? Uswisi walilichunguza jambo hili kwa rekodi za watu wapatao milioni 1.5, matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Katika majengo ya ghorofa nne au zaidi, wakazi wa ya chini walikuwa na uwezekano wa kufa uliozidi kwa asilimia 22 ule wa wakazi wa ghorofa ya nane na kuendelea. Kwa maradhi ya moyo na mishipa tofauti ilifika asilimia 35, na ya mfumo wa hewa asilimia 40. Takwimu za kuvutia, ila usihamishe kabati bado. Uswisi wenye fedha hukaa juu, na mwenye fedha huishi zaidi hata akilala ghalani. Watafiti wenyewe waliona kwamba tofauti za kipato na elimu zimejificha humo, pamoja na moshi wa barabarani na labda ngazi.

Ngazi zina ushahidi wao. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris wa London alionyesha kwamba makondakta wa mabasi ya ghorofa, waliopanda na kushuka siku nzima kukata tiketi, walipata maradhi ya moyo kidogo kuliko madereva wao waliokaa. Lakini moyo ukishasimama, kimo kinageuka adui. Watafiti wa Kanada waliangalia watu 7,842 waliosimama moyo majumbani huko Toronto na jirani zake kati ya 2007 na 2012. Walio chini ya ghorofa ya tatu, kwa hesabu yao ambayo ya ardhini ndiyo ya kwanza, walipona kwa asilimia 4.2, wa ghorofa hiyo na zaidi kwa asilimia 2.6. Juu ya ya 16 hawakufika hata asilimia moja, na juu ya ya 25 hakupona hata mmoja. Huko lifti zinafanya kazi na gari la wagonjwa linakuja. Mwenye mzazi mgonjwa nyumbani apige hesabu yake mwenyewe kwa jengo la Kinondoni.

Kuna mzaha mmoja wa wanafizikia niuweke hapa. Kwa nadharia ya Einstein, saa iliyo juu hukimbia kuliko iliyo chini, na mwaka 2010 maabara ya viwango ya Marekani iliipima tofauti hiyo kati ya saa mbili zilizopishana sentimita 33 tu za kimo. Ukikaa miaka 50 mita 30 juu ya ardhi utakuwa umezeeka kuliko jirani wa chini kwa sehemu tano za sekunde iliyogawanywa mara milioni. Asikudanganye mtu kwa hilo ukakosa nyumba.

Lifti ndiyo iliyopindua bei za ghorofa duniani. Paris ya karne ya 19, matajiri walikaa ngazi moja au mbili juu, na watumishi wakapanda hadi darini. Elisha Otis alipoonyesha New York mwaka 1854 kwamba lifti yake haianguki hata kamba ikikatwa, mpangilio huo ukaanza kugeuka juu chini. Kwetu Beit al-Ajaib ya Unguja, ya mwaka 1883, ndiyo inayotajwa kuwa jengo la kwanza la Afrika Mashariki kuwekwa lifti. Nairobi ya leo bado ina dunia zote mbili. Kilimani, kwenye lifti na jenereta, kodi hupanda na ghorofa. Pipeline, kule Embakasi, ghorofa saba au nane ni za miguu, na mara nyingi kodi hushuka kadiri unavyopanda. Lakini majengo yamebanana kiasi kwamba vyumba vya chini huwasha taa adhuhuri, na anayekwenda juu analipwa kwa jua la kuanikia nguo. Yaani soko halipimi kimo. Linapima mashine iliyokufikisha hapo, na bei ya kuishi bila mashine hiyo.

Moto nao una kimo chake. Ngazi nyingi za magari ya zimamoto hufika takriban mita 30, na gari likilazimika kusimama mbali na ukuta zinafika pungufu, tuseme ghorofa ya saba au ya nane. Juu ya hapo tegemeo lako ni ngazi za jengo, ambazo moshi nao huzipenda. Grenfell, London, mwaka 2017, jengo la ghorofa 24 katika mji wenye zimamoto ya kutajika liliua watu 72. Kama ngazi ya dharura imegeuzwa stoo ya mitungi na pikipiki, shuka na uende zako. Na kama jengo lilipewa kibali cha ghorofa nne likaota ya sita, makala haya hayakuhusu. Jengo lililoporomoka Kariakoo Novemba 2024 lilitukumbusha kwamba humo hakuna ghorofa iliyo salama.

Kwa hiyo nenda kaone nyumba mara mbili. Nenda saa nane mchana, ufungue shawa wakati majirani nao wanatumia maji, uwashe na ile ya moto. Rudi saa mbili usiku, unyanyue mkono uguse dari la chumba cha kulala. Likiwa la moto kuliko ukuta, hiyo nyumba mwachie mwenye kiyoyozi. Panda kwa miguu, hata kama lifti ipo, ukiwa na kitu mkononi chenye uzito wa mtungi wa gesi wa kilo 15 uliojaa, ambao pamoja na chuma chake hukaribia kilo 30. Mahali pumzi itakapokukatikia ndipo mpaka wako ulipo umeme usipokuwepo.

Kwa jengo la kawaida la Dar es Salaam, la ghorofa tano hadi nane, lenye lifti ya kubahatisha na tangi juu ya paa, mimi nachukua ya pili au ya tatu, upande wa kusini au kaskazini, yenye madirisha pande mbili. Jenereta ikiwa imeungwa na pampu na lifti, nitakwenda hata ya sita, mradi juu yangu awepo mtu mwingine. Ukiipata hiyo na dirisha lake likawa linatazama ukuta wa godauni, lipa kodi.